Rais Aliyekubali Kiti cha Chini

Wapendwa, wiki hii nataka niwasimulie maisha ya John Quincy Adams, wakili wa Marekani. Nimeyasoma, nikaona yana jambo la kutufaa.

Alizaliwa mwaka wa 1767 huko Massachusetts. Baba yake, John Adams, alikuja kuwa Rais wa pili wa nchi hiyo. Kijana akasomea sheria, na mwaka wa 1790 akafungua kazi ya uwakili Boston. Wateja walikuwa wachache. Mwaka wa 1794 George Washington akamteua balozi Uholanzi, na kutoka hapo akapanda ngazi: seneta, balozi Urusi, waziri wa mambo ya nje, mpaka 1825 akawa Rais.

Halafu 1828 akabwagwa na Andrew Jackson. Mtu kama huyo si angeenda tu nyumbani apumzike? Lakini watu wa kwao walipomtaka awe mbunge wa kawaida, alikubali. Aliingia bungeni 1831, akakaa humo hadi kifo chake.

Mimi naona kazi yake kubwa aliifanya hapo. Mwaka wa 1836 wabunge walipitisha kanuni kwamba barua za wananchi wanaoomba utumwa ukomeshwe ziwekwe kando bila kujadiliwa. Adams aliendelea kuzileta. Wenzake wakampigia kelele, hata wakajaribu kumwadhibu. Mzee hakunyamaza. Ilichukua miaka minane, lakini 1844 kanuni hiyo ikaondolewa.

Mwaka wa 1841, akiwa na miaka 73, alisimama tena mbele ya Mahakama ya Juu, baada ya zaidi ya miaka 30. Waafrika waliotekwa na kuuzwa walikuwa wameasi ndani ya meli ya Amistad, wakaishia kufungwa Connecticut. Aliwatetea kwa saa nyingi, wakaachiliwa. Mwaka uliofuata waliobaki hai wakafika Sierra Leone.

Februari 1848 alianguka kwenye kiti chake bungeni, akafa siku mbili baadaye ndani ya jengo hilo hilo. Utumwa wenyewe ulikomeshwa 1865, yeye hakuuona mwisho wake.

Ndugu yangu, dada yangu, labda jana ulikuwa mwenyekiti na leo wewe ni mwanachama tu. Usisuse. Angalia ni barua ya nani imewekwa kando, uisimamie.