Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia hewa magurudumuni, pancha ikamshinda

FUNDI wa baiskeli mjini Kisumu hahitaji karakana. Beseni la maji, pampu, msasa, gundi na vipande vya tyubu kuukuu humtosha kuketi chini ya mti huko Kondele au karibu na soko la Kibuye na kujitafutia riziki. Tyubu hujazwa hewa na kuzamishwa majini. Panapotoka viputo ndipo penye tundu. Mashimo ya barabara na miiba ya vichaka vya ufuo wa Ziwa Victoria huhakikisha kwamba wateja hawamwishii.

Kazi hiyo ilizaliwa mbali sana na Nyanza, katika ua wa nyumba moja mjini Belfast, Ireland, mwaka wa 1887. Mwenye nyumba hakuwa mhandisi wala mwendesha baiskeli. Alikuwa daktari wa mifugo.

John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, Scotland, katika familia ya wakulima. Tangu utotoni aliaminishwa kwamba alizaliwa kabla ya siku zake kutimia na kwamba afya yake ni dhaifu, naye akaishi kwa tahadhari maisha yake yote. Alisomea utabibu wa mifugo mjini Edinburgh, akahamia Ireland mwaka wa 1867, na hatimaye akawa na mojawapo ya zahanati kubwa zaidi za wanyama nchini humo.

Mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye mipira migumu isiyo na hewa ndani. Barabara za mawe za Belfast zilimtikisa mtoto hadi akalalamika. Dunlop alichukua mpira mwembamba, akaugeuza kuwa bomba, akalizungushia kwenye kisahani cha mbao, akalifunika kwa kitambaa na kulijaza hewa kwa pampu ya kandanda. Kisha alilibingirisha gurudumu hilo uani, sambamba na gurudumu la kawaida la baiskeli ya mtoto. La kawaida lilisimama na kuanguka katikati ya safari. Lenye hewa lilikwenda hadi mwisho wa ua.

Alipata hataza Desemba 1888. Mei 1889, mwendesha baiskeli aliyeitwa Willie Hume aliyatumia matairi hayo katika mashindano mjini Belfast. Watazamaji waliyacheka kwa unene wake, lakini Hume akashinda mbio zote alizoshiriki. Miongoni mwa walioshindwa walikuwa wana wa mfanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros, ambaye badala ya kununa alifungua mfuko wake. Kampuni ya kutengeneza matairi hayo ikaanzishwa mwaka huo huo.

Hapo ndipo sifa za Dunlop hutiwa chumvi, kana kwamba kazi iliishia kwake. Ukweli ni kwamba gurudumu lake lilikuwa adha kwa yeyote aliyechomwa na msumari njiani. Tairi na mpira wa ndani vilikuwa vimegandishwa kwenye rimu kwa gundi na kitambaa. Kuufikia mpira wa ndani kulimaanisha kubandua kila kitu, kuziba tundu, kubandika upya na kusubiri gundi ikauke. Mwendeshaji angeweza kulala njiani kwa sababu ya tundu dogo.

Waliomaliza taabu hiyo ni wengine. Mwaka wa 1890 Charles Kingston Welch alibuni tairi lenye waya kingoni, linaloshika rimu bila gundi na kutolewa kwa mkono. Nchini Ufaransa, Édouard Michelin naye alitoa tairi la kuvuliwa mwaka wa 1891, mwaka ambao Charles Terront alilitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi. Karibu wakati huo huo ilikuja valvu ya Woods, yenye kijimpira chembamba kinachopitisha hewa kuingia na kuizuia kutoka. Baiskeli nzito zijulikanazo kama Black Mamba zimeitumia kwa miongo mingi, na fundi mzoefu hupaka mate mdomoni mwa valvu hiyo kabla ya kufungua tairi, maana mara nyingi kinachovujisha ni hicho kijimpira.

Dunlop mwenyewe alipata pigo jingine. Mwaka wa 1890 aliarifiwa kwamba hataza yake haina nguvu: Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilo hilo mwaka wa 1845 na kulijaribu kwa magari ya farasi jijini London. Thomson alifariki mwaka wa 1873, kabla ya baiskeli kupata umaarufu. Kampuni ilinusurika kwa kununua haki za akina Welch. Dunlop alijiondoa mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata du Cros aliiuza kwa pauni milioni 3, naye aliyeipa jina hakuwamo.

Gharama nzito zaidi ililipwa Afrika. Matairi ya baiskeli, na baadaye ya magari, yalizidisha kiu ya mpira duniani, na katika Kongo ya Mfalme Leopold wanavijiji walipigwa, kukatwa viungo na kuuawa kwa kushindwa kufikisha kiasi cha utomvu walichoamriwa. Ripoti ya Roger Casement iliyafichua hayo mwaka wa 1904.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, tairi la hewa lilikuwa limekwisha kukomaa. Baiskeli zikabeba samaki, mitungi ya maji na, baada ya bodaboda kuenea kutoka mpaka wa Uganda, abiria. Pikipiki ziliwanyang'anya wengi kazi hiyo baada ya ushuru wake kuondolewa mwaka wa 2008.

Baiskeli za michezo nazo zilianza mwaka wa 1999 kupata matairi yasiyo na tyubu kabisa. Hewa hushikiliwa na ukingo wa tairi unaobana rimu, na hupenya kwenye shina la valvu au kwenye utepe unaofunika mashimo ya spoku. Maji ya sabuni huonyesha inapotokea. Kwa tundu la mwiba, humiminwa ndani majimaji ambayo aghalabu hutengenezwa kwa utomvu wa mpira, yakaganda penye tundu.

Dunlop aliishi miaka 81 bila ugonjwa mkubwa. Oktoba 1921 alishikwa na baridi, akafariki ghafla mjini Dublin tarehe 23. Historia ya tairi aliyoiandika ilichapishwa mwaka wa 1924 na bintiye.