Mdudu katika sikio la Speke

Kama sikio lako limejaa kana kwamba lina maji, linavuma usiku, na kichwa ni chepesi siku nzima, weka chini hiyo njiti ya kiberiti kwanza. Nikupe kisa cha John Hanning Speke.

Unamjua kwa Ziwa Victoria. Alizaliwa Uingereza mwaka 1827, akawa mwanajeshi India, na Juni 1857 akaanza safari na Richard Burton kutoka Kaole, mkoa wetu huu wa Pwani. Machi 1858 alikuwa amelala kisiwani Ziwa Tanganyika. Dhoruba ikapiga hema, akawasha mshumaa, mbawakawa weusi wakajaa ndani. Mmoja akamwingia sikioni akaanza kuchimba. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa, haikufaa kitu. Ndipo akashika kisu kidogo.

Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa. Likatunga usaha, uso ukavutwa upande, majipu yakatoka, na kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Alikaa miezi mingi hasikii vizuri, na vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta. Tarehe 3 Agosti 1858, alipoliona Ziwa Victoria, sikio halikuwa limepona. Akipenga kamasi, lilipiga mluzi.

Mluzi huo si uchawi. Mrija mwembamba huunganisha pua na nyuma ya kiwambo cha sikio. Kiwambo kikitoboka, hewa hupita. Mrija huohuo ukiziba kwa mafua, sikio hujaa. Nta nayo huziba, na kwinini huleta mvumo. Wepesi wa kichwa usiusingizie sikio tu: upungufu wa damu na presha pia huuleta.

Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 15, 1864, akiwa na miaka 37.

Siagi yake, kusema kweli, haikuwa wazo baya. Mdudu akiwa hai sikioni mwa mwanao, na sikio halitoi usaha wala halijawahi kutoboka, matone ya mafuta ya kula ya uvuguvugu humuua; kisha mtoto apelekwe akatolewe. Ukiwa Kwa Mathias, Hospitali ya Tumbi si mbali. Usikivu ukipotea ghafla, uso ukipinda au dunia ikizunguka, nenda leo hii.