Max Planck na kilo isiyoungua

Wanafunzi wangu hapa Kamembe huniuliza kilo ya kweli iko wapi, maana sambaza waliopimwa kilo 10 Bukavu, wakishavuka daraja la Rusizi hupungua. Huwajibu kwa kuwasimulia maisha ya Mjerumani Max Planck.

Alizaliwa Kiel mwaka 1858. Alipotaka kusomea fizikia mjini Munich, profesa mmoja alimshauri aache, eti mambo makubwa yamekwisha kugunduliwa. Hakuacha. Mwaka 1900 alikuwa profesa Berlin, ambako taasisi ya taifa ya vipimo ilitafuta kipimo cha kuaminika cha mwanga wa taa. Wataalamu wake walipima mnururisho wa tanuri lenye joto kali, matokeo yakapingana na hesabu za wakati ule. Planck akakubali, shingo upande, kwamba nishati haitiririki kama maji, bali hutoka vipande vipande, kama mayai ambayo huwezi kununua nusu. Ukubwa wa kipande hutegemea namba isiyobadilika, leo iitwayo namba ya Planck. Fizikia ya kwanta ilianzia hapo, naye akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918.

Nyumbani kulikuwa na misiba. Mkewe Marie alifariki 1909. Mwanawe Karl aliuawa vitani Verdun 1916. Mabinti mapacha, Grete na Emma, walifariki kwa uzazi, 1917 na 1919. Februari 1944 mabomu yaliteketeza nyumba yake na maandishi yake yote. Januari 1945 serikali ya Hitler ilimnyonga mwanawe Erwin. Mimi niliyerudi mwaka 1995 kutoka Uvira bila hata cheti cha shule ya msingi, hapo husoma polepole. Planck alifariki Göttingen mwaka 1947, akiwa na miaka 89.

Sasa kilo. Tangu 1889 kilo ya dunia ilikuwa silinda ya platini na iridi, iliyofungiwa Sèvres, Ufaransa. Ilipolinganishwa na nakala zake, tofauti ilifika kama mikrogramu 50 katika miaka 100. Hata kilo mama! Mei 20, 2019 ikastaafishwa, na kilo ikafungwa kwenye namba ya Planck. Nchi yenye vifaa huweza kuipata kilo kwa mizani maalumu ya umeme bila kwenda Ufaransa.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama namba hiyo hugundua kidole cha muuzaji kinachobonyeza mizani. Nilicheka, nikampa kazi ya kupima sambaza wa mama yake.