Maisha ya Bwana Röntgen, Mvumbuzi wa Eksirei

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye kazi yake twaiona katika hospitali nyingi, lakini maisha yake wengi wetu hatuyajui. Mtu huyo ni Wilhelm Conrad Röntgen. Nimemchagua yeye kwa sababu siku hizi wako wazee wetu wenye betri ya moyo, nao huziogopa sana mashine za kupigia picha za mwili. Hofu hiyo mahali pengine ni ya haki, na mahali pengine haina msingi. Ni vizuri tujue kutofautisha.

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi, 1845, katika mji wa Lennep, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya nguo. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu wazazi wake walihamia Uholanzi, na huko ndiko alikosoma. Akiwa kijana katika shule ya ufundi ya mji wa Utrecht, mwanafunzi mmoja alichora picha ya kumdhihaki mwalimu. Röntgen alipoulizwa ni nani aliyeichora, alikataa kumtaja mwenzake, naye akafukuzwa shule. Kwa hiyo akakosa cheti cha kumwingiza chuo kikuu. Lakini hakukata tamaa. Alisikia kwamba chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, hupokea watu kwa mtihani bila kudai cheti kile. Akaenda, akakubaliwa, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari wa elimu. Mwaka 1872 alimwoa Bibi Anna Bertha Ludwig.

Baadaye alifundisha katika vyuo mbalimbali, na mwaka 1888 akawa profesa wa fizikia mjini Würzburg. Jioni ya tarehe 8 Novemba, 1895, alikuwa akifanya majaribio ya umeme ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Chumba kilikuwa giza, na chupa ameifunika kwa karatasi nene nyeusi. Mara akaona kipande cha kadibodi kilichopakwa dawa kinang'aa kwa mbali. Mwanga wa kawaida usingeweza kupenya karatasi ile. Basi akatambua kwamba iko mionzi mingine, isiyoonekana kwa macho. Kwa kuwa hakujua asili yake, akaiita mionzi ya X, yaani isiyojulikana.

Kwa muda wa majuma saba alifanya kazi peke yake, mara nyingine akila na kulala humo humo. Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe, akampiga picha ya mkono. Mifupa yote ilionekana, na pete yake kidoleni. Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuipata. Fedha za tuzo aliziachia chuo chake. Tena hakutaka kujiandikia haki ya uvumbuzi ule ili alipwe. Alitaka watu wote wautumie bure.

Lakini kila moto una majivu yake. Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, na walijua kwamba moto unaotoa jembe huweza kumwunguza mhunzi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mionzi hii. Mwanzoni watu waliichezea bila kujikinga. Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Bwana Edison, aliungua mikono yake, akakatwa, na mwaka 1904 akafa. Röntgen mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alifanya majaribio yake mengi nyuma ya kinga ya bati na risasi. Ndiyo sababu leo fundi wa eksirei husimama nyuma ya ukuta, na mgonjwa hapigwi picha ila kwa haja.

Sasa tuje kwenye betri ya moyo. Betri ya kwanza kutiwa ndani ya mwili wa mtu iliwekwa Sweden tarehe 8 Oktoba, 1958. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson. Betri ile ya kwanza ilifanya kazi saa chache tu, lakini baada yake aliwekewa nyingine nyingi, akaishi mpaka mwaka 2001. Hapa kwetu kazi hii hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Betri huwekwa chini ya ngozi ya kifua karibu na mtulinga, na waya wake hupitishwa ndani ya mshipa mpaka moyoni.

Kijijini kwetu yuko mzee mmoja aliyesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kuwekewa betri hiyo. Aliporudi alianguka na baiskeli, mguu ukavimba. Akaambiwa aende Sumbawanga mjini akapigwe picha, akakataa katakata. Alikuwa amesikia sokoni kwamba mashine yo yote ya picha itaizima betri, naye atakufa pale pale. Akakaa nyumbani majuma matatu akikandwa kwa maji ya moto. Mwishowe mganga mmoja alimweleza kwamba hata siku ile alipowekewa betri, daktari aliiona njia ya waya kwa mionzi hiyo hiyo ya Röntgen. Hapo akakubali. Mfupa ulikuwa umevunjika na umeanza kuunga kwa upande. Mpaka leo mzee huyo anatembea kwa fimbo.

Basi, wasomaji, tuyaweke haya moyoni. Picha ya kawaida ya eksirei haiidhuru betri ya moyo, wala ultrasaundi haiidhuru. Siti skani hutumia mionzi ya Röntgen pia, na kwa kawaida ni salama. Mara chache sana huweza kuitatiza betri kwa kitambo kidogo, kwa hiyo fundi aambiwe mapema.

Lakini MRI ni mashine ya namna nyingine kabisa. Haitumii mionzi ya Röntgen, bali sumaku kubwa. Nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, yapata mara 30,000 kuliko sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Sumaku hiyo yaweza kubadili mwendo wa betri, na ncha ya waya yaweza kupata moto ndani ya moyo. Ziko betri zilizotengenezwa zistahimili MRI. Marekani ilikubali ya kwanza mwaka 2011. Hata hizo hurekebishwa kwanza, mgonjwa huangaliwa muda wote, kisha hurudishwa kama zilivyokuwa. Mionzi mikali ya kutibu saratani nayo yaweza kuharibu betri, kwa hiyo madaktari hupanga kabla.

Röntgen alifariki mjini Munich tarehe 10 Februari, 1923, mwenye umri wa miaka 77. Mali yake ilikuwa imeliwa na kuporomoka kwa fedha ya Ujerumani baada ya vita. Hakuacha utajiri, lakini aliacha faida kwa dunia nzima.

Kwake twajifunza bidii, uaminifu kwa mwenzako, na kuchunguza jambo kabla ya kulitangaza. Kila mwenye betri ya moyo hupewa kadi yenye jina la betri na tarehe ya kuwekwa. Kadi hiyo isiachwe sandukuni. Ionyeshwe kwa daktari kabla ya kipimo cho chote. Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, na wazee wengi hawawezi kuisoma. Sisi tulio shuleni tunaweza. Likizo ikifika, tuwaombe kadi zao na kuwasomea.