Chavasse: Daktari wa vitani aliyeomba soksi kwenye barua

Hebu nikuulize kitu. Mara ya mwisho kuwaandikia wazazi wako ujumbe unaozidi mstari mmoja ilikuwa lini? Na ile ya kuomba kodi ya nyumba haihesabiki. Leo nataka nikujuze jamaa aliyekuwa akiandika kwao mara kwa mara, kwa karibu miaka mitatu, akiwa kwenye shimo la matope huku makombora yakimpita juu ya kichwa. Jina lake Noel Chavasse, daktari wa jeshi la Uingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia.

Alizaliwa Oxford tarehe 9 Novemba 1884. Alikuwa pacha: yeye alitangulia, nduguye Christopher akafuata dakika 20 baadaye. Baba yao alikuwa kasisi, na mwaka wa 1900 akafanywa Askofu wa Liverpool, familia nzima ikahamia huko. Kwa hivyo tusidanganyane, huyu hakuwa mtoto wa kuhangaika. Alisoma Trinity College, Oxford, akamaliza 1907 na daraja la kwanza. Mwaka uliofuata yeye na pacha wake walikimbia mita 400 kwenye Olimpiki ya London. Usisisimke sana, wote wawili walitolewa raundi ya kwanza. Wangekuwa wetu tungewacheka mtandaoni wiki nzima.

Kisha akaingia udaktari, na hapa ndipo nilipoanza kumpenda. Mtihani wa kujiunga na chuo cha wapasuaji cha kifalme ulimshinda mara ya kwanza. Akarudi, akaupita Mei 1910. Mimi niliacha chuo, na hadi leo kuna shangazi anayenitaja kila akiombea chakula, sasa unaelewa kwa nini hicho kipande nilikisoma mara mbili. Baadaye alifanya kazi Royal Southern Hospital huko Liverpool chini ya Robert Jones, bingwa wa mifupa, na mwaka wa 1913 akajiunga na kikosi cha Liverpool Scottish kama daktari wao. Wakati huo lilikuwa jambo la wikendi na mazoezi tu. Novemba 1914 kikosi kikavushwa Ufaransa, na mazoezi yakaisha.

Sasa usifikirie daktari wa kikosi alikuwa na chumba cha upasuaji chenye taa na wauguzi. Wapi! Alikuwa na handaki, tochi, bendeji, sindano za kutuliza maumivu na watu wa kubeba machela. Kazi yake ilikuwa kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika usizidi kuharibika, kisha kumsukuma mtu nyuma: kwa machela hadi kwenye gari la wagonjwa, na gari hadi hospitali ya mahema kilomita kadhaa kutoka mstari wa mbele. Upasuaji wenyewe ulifanyiwa huko. Ukichelewa kumtoa majeruhi uwanjani, hata mpasuaji bora duniani atapokea maiti. Chavasse alilielewa hilo kuliko wengi, na ndiyo sababu hakukaa kwenye handaki kusubiri aletewe.

Barua zake za majira ya baridi ya kwanza zimejaa miguu. Ndiyo, miguu. Askari walisimama siku nzima kwenye maji baridi yaliyofika magotini, viatu vimebana, na miguu ikavimba, ikafa ganzi, ikaanza kuoza. Kwa hivyo mwana wa askofu aliandika nyumbani kuomba soksi. Hakuomba jozi mbili zake, aliomba za kikosi kizima. Akaomba pia gramafoni ili vijana wapate muziki wakipumzika. Vitu vingine alivilipia kutoka mfukoni mwake. Hakuficha hasira pia: aliwalalamikia wakubwa wa idara ya tiba waliokuwa mbali na matope. Na askari ambaye akili imemchoka, ambaye wakubwa wengi wangemwita mwoga, inasemekana yeye alimpa kazi ndogo kwenye kituo chake hadi apate nguvu.

Tarehe 16 Juni 1915, huko Hooge nchini Ubelgiji, kikosi chake kilipigwa vibaya sana. Kiliingia na watu zaidi ya 500, na ilipofika jioni karibu 400 kati yao walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au hawajulikani waliko. Chavasse alizunguka kuwatafuta waliosalia hai. Alipewa nishani ya Military Cross.

Halafu Guillemont, Ufaransa, Agosti 1916. Hapa nenda polepole. Mchana kutwa wa tarehe 9 aliwahudumia majeruhi mahali pa wazi, adui akimwona. Usiku akatoka akawatafuta wengine mbele ya mahandaki ya Wajerumani kwa saa nne. Kesho yake akamchukua mbeba machela mmoja, wakambeba majeruhi aliyekuwa hali mahututi kwa yadi 500 chini ya mizinga, na njiani kipande cha kombora kikamchoma ubavuni. Ungedhani atalala. Usiku huo huo alichukua watu 20 waliojitolea, wakawatoa majeruhi watatu kwenye shimo lililokuwa yadi 25 tu kutoka kwa adui. Yadi 25, fikiria! Ni kama kutoka langoni kwenu hadi duka la jirani. Akazika maofisa wawili na kukusanya vitambulisho vya waliokufa, ili familia zao zijue. Kwa jumla aliokoa watu wapatao 20 waliojeruhiwa vibaya, na kwa hilo akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza.

Na je, aliwaandikia nini wazazi? Kwamba wakisikia amejeruhiwa wasishtuke hata kidogo. Kwamba ni kichembe tu kilichompitia, na hata hakukigundua hadi alipovua nguo usiku. Mimi nikisoma hivyo naona mtu anayemdanganya mama yake kwa upendo. Wewe pia umewahi kupiga simu nyumbani ukasema uko sawa huku hujala tangu jana, usijifanye.

Aliyekuwa akiandikiwa zaidi ya wazazi ni Gladys. Alikuwa binamu yake, wakachumbiana mwaka wa 1916. Najua, kwetu wazee wangeitisha kikao, lakini kwao hilo lilikubalika. Walipanga kufunga ndoa vita vikiwapa nafasi, na kufikia 1917 mipango ilikuwa mbele. Ndipo tarehe 4 Julai mdogo wake, Aidan, akapotea kwenye shambulio huko Ubelgiji. Mwili wake haukupatikana hadi leo.

Wiki nne baadaye, tarehe 31 Julai, vita vya tatu vya Ypres vikaanza. Mvua ikanyesha, mashamba yakageuka uji. Chavasse aliweka kituo chake kwenye handaki lililotekwa kutoka kwa Wajerumani karibu na Wieltje. Mapema tu kipande cha kombora kikampiga kichwani. Alifungwa bendeji akaambiwa arudi nyuma, akakataa. Kwa siku mbili, akiwa na kichwa kilichojeruhiwa na bila chakula cha maana, alitibu watu mchana na usiku akatoka na tochi kuwatafuta wengine kwenye matope. Tarehe 2 Agosti kombora likaingia ndani ya handaki lenyewe. Alipasuka tumbo. Akajikokota nje kwenda kutafuta msaada.

Alipelekwa Brandhoek, kwenye hospitali iliyokuwa na wapasuaji wa majeraha ya tumbo, akafanyiwa upasuaji. Alifariki tarehe 4 Agosti 1917, akiwa na miaka 32.

Nishani ya pili ya Victoria Cross ilitolewa Septemba, yeye hayupo. Katika historia yote ni watu watatu tu waliopewa mara mbili: Arthur Martin-Leake, ambaye pia alikuwa daktari, Chavasse, na Charles Upham wa New Zealand. Ni Chavasse peke yake aliyepata zote mbili kwenye Vita vya Kwanza. Christopher, aliyekuwa kasisi wa jeshi, alirudi hai. Yeye na baba yao wakaanzisha nyumba ya wanafunzi Oxford ambayo leo ni St Peter's College, na mwaka wa 2009 chuo hicho hicho kikaziuza nishani za Noel kwa takriban pauni milioni 1.5. Sijui ungejisikiaje ukiwa Christopher.

Kuna jambo linanisumbua na siwezi kulipita. Mwezi ule ule Chavasse anakufa Ubelgiji, maelfu ya vijana kutoka huku kwetu walikuwa wakibeba mizigo ya Waingereza kusini mwa Tanganyika, wakimfukuza Lettow-Vorbeck. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Ukipita Kariokor kununua viatu vya ngozi, jina hilo ni lao, limetoka kwa Carrier Corps. Wao nao walikuwa na mama na wachumba. Barua za Chavasse zimehifadhiwa Bodleian, maktaba ya Oxford. Za wabebaji wetu, wengi wao wakiwa hawajafundishwa kuandika, utazitafutia wapi? Simlaumu Noel kwa hilo, yeye alikusanya hata vitambulisho vya maiti ili majina yasipotee.

Kaburini kwake Brandhoek jiwe limechongwa misalaba miwili ya Victoria.  Barua ya mwisho ambayo Gladys aliipata kutoka kwa Noel haikuwa na mwandiko wake, kwa kuwa nguvu za kushika kalamu zilikuwa zimemwisha. Alimtamkia muuguzi, akaandikiwa. Alitaka Gladys ajue kwa nini hakurudi nyuma alipopigwa kichwani: wajibu ulimwita, naye hakuweza kuukataa.