Msafara wa Kivoi ni somo la uhandisi

Wanafunzi wengi wanaolijua jina la Kivoi Mwendwa wanalijua kwa jambo moja tu: kwamba mwaka 1849 alimweleza mmishonari Johann Ludwig Krapf habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na kwamba matamshi ya Wakamba ndiyo yaliyoupa mlima huo jina lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Swali la mtihani huishia hapo. Mimi naona tumemdhulumu mzee huyu. Kivoi anastahili kutolewa katika kipindi cha historia peke yake na kuingizwa katika kipindi cha ufundi, tena katika fani ambayo walimu wengi huiogopa kwa jina tu: uhandisi wa mifumo.

Jina ni zito, jambo lenyewe si zito. Fani hii ilipata jina na umbo lake Marekani katika miaka ya 1940, katika kazi za simu, kisha ikakomaa katika makombora na katika safari iliyomfikisha binadamu mwezini mwaka 1969. Mhandisi wa mifumo hashughuliki na pampu peke yake wala tangi peke yake. Hushughulika na namna pampu, tangi, bomba, fundi, fedha za matengenezo na majira ya mvua vinavyotegemeana. Nani katika Kitui na Makueni hajaona shule yenye tangi zuri la saruji lisilo na tone la maji, kwa kuwa mfereji wa kwenye paa ulianguka na hakuna aliyepewa jukumu la kuurudisha? Tangi ni zima, paa ni zima, mvua ilinyesha. Kilichokufa ni mfumo.

Sasa nirudi kwa Kivoi. Aliishi Kitui katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati ambapo Wakamba walikuwa mabingwa wa biashara kati ya bara na pwani. Hakuwa mfalme, kwa sababu Wakamba hawakuwa na wafalme. Krapf, ambaye ndiye aliyetuachia habari nyingi za maandishi kumhusu, aliona kwamba nguvu za mtu katika Ukambani zilitokana na mali, ufasaha wa kusema, umbo la kuheshimika na sifa ya kuwa mganga anayeweza kuita mvua. Kivoi alikuwa na hayo yote. Watu walimfuata kwa hiari, na aliyewaongoza ilimbidi awashawishi upya kila safari.

Biashara yenyewe ilichipuka katika shida. Mkamba aliyekumbwa na ukame alikuwa na desturi ya kwenda kwa jirani kubadilishana mali kwa chakula, desturi iitwayo kuthuua. Katika miaka ya 1830 njaa iliwasukuma wengine hadi Rabai na nchi ya Wagiriama, wakajenga vijiji huko. Vijiji hivyo vya ndugu karibu na Mombasa vikawa vituo: mahali pa kupumzika, pa kupata habari za bei na pa kumpata mtu wa kuaminika. Kutoka bara zilikwenda pembe za ndovu. Kutoka pwani zilirudi nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Krapf alieleza habari za misafara ya watu 200 hadi 300.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu waweke kitabu kando na kuchukua kamba, vizibo vya chupa na punje za mahindi. Nimelifanya zoezi hili na wanafunzi wa shule moja ya kutwa. Sakafuni twachora njia: Kitui, mto Athi, Kikumbulyu iliyo upande wa Kibwezi ya leo katika Makueni, mto Tsavo, Taita, nyika ya Taru, Rabai. Kila kizibo ni mpagazi. Mzigo wake ni frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho ya kawaida ya mpagazi katika karne ile ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, tuseme kilo 0.7. Krapf aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849 na kufika kwa Kivoi kabla mwezi kwisha, basi twaweka siku 25.

Wanafunzi wanapiga hesabu. Mtu mmoja atakula kilo 17.5. Yaani zaidi ya nusu ya mzigo wake ni tumbo lake mwenyewe! Watu 300 watakula kilo 5,250. Mwanafunzi mmoja hujibu upesi kwamba waongezwe wapagazi wa kubeba chakula. Vema, waongezwe, lakini nao wana matumbo. Nyuso zinabadilika. Hakuna maelezo ya ubaoni yanayoweza kufanya kazi iliyofanywa na vizibo vile kwa dakika kumi.

Ndipo wanapoanza kufikiri kama Kivoi. Chakula kinunuliwe njiani, basi lazima kuwe na urafiki na watu wa njiani. Wawindaji wenye mishale ya sumu watangulie, basi kasi ya msafara itategemea mawindo. Maji yatafutwe kwa kuchimba mchanga wa mito iliyokauka, kama wafanyavyo akina mama wa Kitui hadi leo, basi safari ipangwe kwa majira: mapema mno mito itafurika, kuchelewa mno mchanga utakuwa mkavu. Kikundi cha maji kinagombana na kikundi cha bidhaa, kwa kuwa kibuyu cha maji kinachukua nafasi ya pembe. Mwalimu anyamaze hapo. Ugomvi huo ndio somo lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba fani hii inahitaji kompyuta na maabara, na kwamba shule zetu za ukame zisubiri. Siafikiani nao. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi atende, na mtoto wa Makueni aliyesaidia kujenga bwawa la mchanga ana maabara kubwa kuliko ya shule nyingi za mjini. Anajua kwamba ukuta usipofika kwenye mwamba maji yatapita chini yake, na kwamba mabonde ya juu yasipowekewa matuta kitakachojaa ni tope, si mchanga. Hajaambiwa tu kwamba hayo ni uhandisi.

Msafara wa Kivoi ulikuwa na ufa pia, na ni wajibu wetu kuuonyesha. Mwanzo ni wa kimaadili: miongoni mwa waliomtumikia walikuwamo watumwa. Mfumo unaofanya kazi vizuri haumaanishi mfumo wa haki, na kikundi cha wanafunzi kinachohesabu posho lazima kiulize ni nani asiyeweza kukataa mzigo. Ufa wa pili ulijidhihirisha Agosti 1851. Krapf alikuwa amerudi kwa nia ya kufungua kituo cha misheni Ukambani, na Kivoi akamchukua katika safari ya kuelekea mto Tana. Walishambuliwa na wanyang'anyi karibu na mto huo. Kivoi aliuawa, na msafara ukatawanyika pale pale. Hapakuwa na mtu wa pili wa kushika usukani.

Krapf alibaki peke yake porini. Alipofika Tana alikunywa, akajaza maji katika mitutu ya bunduki na mfuko wa darubini yake, kwani hakuwa na chombo kingine. Aliporejea, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo kile, naye akatoroka usiku, akafika Rabai Septemba. Kituo alichokusudia hakikujengwa. Mpango wote wa misheni ulikuwa umening'inia kwenye uzi ule ule ulioshikilia msafara, yaani maisha ya mzee mmoja.

Biashara ya Wakamba haikufa siku ile, lakini katika miongo iliyofuata misafara ya Waswahili na Waarabu ilianza kuingia bara yenyewe, na ile faida ya kuwa katikati ikapungua. Reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipanda kupitia Taru na Tsavo, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, ikafika Nairobi mwaka 1899. Makueni ilipata stesheni. Kitui, alikotoka bingwa wa njia ile, iliachwa upande wa pili wa mto Athi.