Philip Henry Gosse: mtu aliyeingiza bahari ndani ya nyumba, kisha akaona pwani inabaki tupu

Wakaaji wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, wako mbali na bahari kila upande. Kufika Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,000, kwa kupitia Ujiji na Tabora, njia ileile ya misafara iliyoleta Kiswahili mpaka kwenye mto Lualaba katika karne ya 19. Upande wa magharibi, Kongo nzima ina pwani ya kilometa karibu 40 tu, kule Muanda na Banana. Kwa wengi, kitu cha bahari wanachokijua kwa karibu ni makayabo yanayofika sokoni yakiwa makavu na yenye chumvi.

Hata hivyo, kuna mtu aliyefundisha namna ya kuweka bahari ndani ya nyumba, hata kama nyumba hiyo iko mbali na pwani. Ni Mwingereza Philip Henry Gosse, aliyefariki mwaka wa 1888. Watu wanaofuga leo matumbawe na samaki wa bahari katika sanduku dogo la vioo, yaani akwariumu, bado wanafuata kanuni nyingi alizoandika. Lakini maisha yake yanaacha pia onyo, na onyo hilo linawahusu watu wa Ziwa Tanganyika na wa Lualaba.

Karani wa biashara ya samaki

Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 katika mji wa Worcester, akakulia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za watu, akizunguka mji kwa mji kutafuta wateja. Nyumbani pesa zilikuwa chache, na masomo ya kijana huyo hayakufika mbali.

Mwaka wa 1827, akiwa na miaka 17, alivuka Atlantiki kwenda Carbonear, katika kisiwa cha Newfoundland, kuwa karani wa nyumba ya biashara. Kisiwa hicho kiliishi kwa samaki wa bahari ya baridi aliyekaushwa kwa chumvi na kuuzwa nchi za mbali. Ni samaki yuleyule ambaye Wakongo walikuja kumjua kwa jina la makayabo. Kumbe mtu wa akwariumu alianza kazi akiandika hesabu za samaki waliokufa.

Mwaka wa 1832 alinunua kitabu cha zamani juu ya hadubini, na tangu hapo alianza kuchora na kuandika kila mdudu aliyemwona. Mwaka huohuo aliishika dini kwa nguvu, na hakuiacha mpaka kufa. Mwaka wa 1835 alijaribu kulima shamba huko Kanada, lakini shamba halikumlipa. Mwaka wa 1838 alikwenda Alabama, kusini mwa Marekani, akafundisha watoto shule kwa miezi michache. Kule aliona kwa macho yake utumwa katika mashamba ya pamba. Mwaka wa 1839 alirudi Uingereza akiwa hana pesa, lakini akiwa na daftari zilizojaa.

Daftari hizo zikawa vitabu. Kati ya mwaka wa 1844 na 1846 alifanya kazi Jamaika, akikusanya ndege, na katika kitabu alichotoa mwaka wa 1847 alitaja waziwazi msaada wa Richard Hill, hakimu wa kisiwa hicho mwenye asili ya Afrika. Mwaka wa 1848 alimuoa Emily Bowes, mwandishi wa mambo ya dini. Mwaka uliofuata walipata mtoto wao wa pekee, Edmund.

Siri ya maji yasiyooza

Mwanzoni mwa mwaka wa 1852 Gosse alikuwa mgonjwa kwa sababu ya kazi nyingi. Alihamia na familia yake Devon, kwenye pwani ya kusini-magharibi. Kila siku maji ya bahari yalipokupwa, aliteremka kwenye miamba na kuchungulia vidimbwi vilivyobaki. Kule Ilfracombe aligundua tumbawe dogo la rangi nyekundu na manjano ambalo wanasayansi walikuwa hawajaliandika. Jina la kisayansi alilolipa, Balanophyllia regia, ndilo linalotumika hata leo.

Shida yake ilikuwa moja: wanyama wa bahari wakiwekwa kwenye chombo, baada ya siku chache maji yananuka na wote wanakufa. Wengine walikuwa wameanza kutafuta dawa. Mwaka wa 1846 mama mmoja aitwaye Anna Thynne alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay mpaka London, akayafuga kwa miaka kadhaa. Kila siku mtumishi wake alimimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha ili yapate hewa. Mwaka wa 1850 mkemia Robert Warington alionyesha kwamba samaki, konokono na mmea vinaweza kuishi pamoja katika maji baridi bila kubadilisha maji: mmea unatoa oksijeni ambayo samaki anapumua, na konokono anakula majani yanayooza.

Gosse alifanya jambo hilo katika maji ya chumvi, na zaidi ya wenzake wote, alilieleza kwa maneno ambayo kila mtu aliyaelewa. Mwezi wa Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, ya kwanza ya aina hiyo, na wanyama wengi wa bahari waliowekwa mle alikuwa amewakusanya yeye. Mwaka wa 1854 alitoa kitabu juu ya akwariumu, na ndicho kilichoeneza neno hilo duniani.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi. Kwanza weka mawe na mwani, kisha ngoja mpaka mwani ushike na maji yatulie, ndipo ulete wanyama. Lete wachache. Chombo kisikae kwenye jua kali. Kila asubuhi angalia kama kuna aliyekufa na umtoe mara moja, maana mmoja akioza anaua wengine. Maji yakipungua, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu yanayopanda hewani ni maji tu, chumvi inabaki chini.

Kwa watu wa mbali na pwani aliandika pia namna ya kutengeneza maji ya bahari. Chumvi ya jikoni peke yake haitoshi. Gosse alichanganya chumvi za aina 4, zikiwemo za magnesi na potasi, halafu akaacha mwani ukae humo kwanza kabla ya mnyama yeyote. Wafugaji wa leo wananunua mchanganyiko wa namna hiyo tayari, wanauyeyusha gramu karibu 35 kwa kila lita, wanaweka taa na pampu ya kuzungusha maji. Wenye masanduku madogo wanajua jambo moja zaidi: maji yakiwa machache, kosa dogo linaharibu kila kitu kwa haraka. Ndiyo sababu wanaweka mawe machache, matumbawe machache, na samaki mmoja au wawili tu.

Watu walisoma, kisha wakavamia

Kitabu kiliuzwa sana. Ushuru wa vioo ulikuwa umefutwa mwaka wa 1845, kwa hiyo vioo vilikuwa rahisi kununua. Treni nazo zilifikisha watu wa mijini pwani kwa saa chache. Familia nyingi zilitaka kuwa na bahari yao sebuleni. Walishuka kwenye miamba na patasi na ndoo, na wafanyabiashara wa London wakauza wanyama hai kwa waliobaki nyumbani. Wengi hawakufuata fundisho la kuweka wachache. Wanyama walipokufa, walirudi kuchukua wengine.

Gosse mwenyewe alikuwa katika majonzi. Mwezi wa Februari 1857 mke wake Emily alifariki kwa kansa ya titi. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha kujaribu kupatanisha masimulizi ya Biblia na umri mkubwa wa mawe ya dunia. Alisema Mungu aliumba dunia ikiwa tayari na alama za uzee. Wanasayansi hawakumkubali, watu wa dini pia hawakumkubali, na kitabu kilikosa wanunuzi. Alirudi Devon na mtoto wake na kuendelea kuchora. Kazi yake kubwa juu ya anemoni, wale wanyama laini wa bahari wanaofanana na maua, pamoja na matumbawe ya Uingereza, ilitoka kati ya mwaka wa 1858 na 1860. Mwaka wa 1860 alioa tena.

Mwaka wa 1870, wakati David Livingstone alikuwa amelala Kabambare siku nyingi kwa vidonda vya miguu, Gosse alikuwa na miaka 60, akiishi karibu na pwani aliyoipenda. Pwani hiyo haikuwa tena ile ya mwaka wa 1852. Mtoto wake Edmund, katika kitabu cha mwaka wa 1907, alieleza kwamba vidimbwi vilivyokuwa vimejaa uzuri vilimalizwa na wakusanyaji, na kwamba baba yake aliumia sana moyoni kwa kujua kuwa vitabu vyake ndivyo vilivyowaonyesha njia. Gosse alifariki tarehe 23 Agosti 1888.

Jambo hilo halijaisha. Upande wa mashariki wa Kabambare, ng'ambo ya milima, liko Ziwa Tanganyika. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Samaki hao wa rangi wanatafutwa na wenye akwariumu wa Ulaya na Marekani, na wavuvi wa ziwa nao wanalalamika kwamba nyavu zinarudi nyepesi. Mwaka wa 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kwa miezi 3 ili samaki wapate kuzaana. Ni kanuni ileile ya sanduku la Gosse: chukua kidogo, ngoja, acha maji yapumue. Tofauti ni kwamba sanduku likiharibika, mtu anaweza kulimwaga na kuanza upya.